Wasomaji Wanauliza: Kulala Hemani Mlima Kenya

Barua nyingi za mwezi huu ni za watu wanaotaka kwenda Mlima Kenya na hema na jiko lao wenyewe, bila kununua safari iliyopangwa na kampuni. Tumejibu zile zinazogusa mambo yanayowakwamisha wengi. Zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

Tuko wanne na tunataka kufika kilele cha Point Lenana wikendi ya Pasaka, katikati ya Aprili. Tutaondoka Ijumaa, na Jumatatu jioni tuwe nyumbani. Tumeambiwa Naro Moru ndiyo njia fupi. Tupangeje? (Msomaji, Thika)

Kabla hamjanunua hata kigingi, badilisheni mambo mawili: mwezi na njia.

Aprili ni masika. Juu ya kambi ya Met Station, njia ya Naro Moru inapanda mteremko wa majimaji ambao hata kiangazi hulowesha buti. Mvua ikinyesha mguu huzama karibu na goti, na kila mtu huchelewa. Miezi ya kutegemea ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba. Oktoba ikifika katikati, vuli nayo huanza.

Ama ufupi wa njia, huo ndio ubaya wake. Usiku wa kwanza mtalala Met Station, mita 3,050, na wa pili Mackinder's, mita 4,200. Kanuni inayofuatwa milimani, ili mwili uzoee hewa nyepesi, ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Hapo mmeruka mita 1,150 kwa mkupuo, na wengi wanaorudi bila kufika kileleni huangushwa na usiku huo, wala si miguu. Kinachohesabiwa ni mahali pa kulala. Mchana mkipanda juu zaidi kisha mkashuka kulala, mwili huzoea vizuri.

Chukueni njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki. Kodini gari hadi langoni, mita 2,650, kwa sababu matatu hazifiki huko. Siku ya kwanza ni kilomita 9 za barabara hadi Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili mlale Liki North, karibu mita 3,990, penye kijito na banda chakavu lisilotegemewa, kwa hiyo hema ni lazima. Siku ya tatu ni fupi, hadi Shipton's, mita 4,200 na ushei. Fikeni mapema, mle, mlale mchana. Siku ya nne amkeni mwondoke saa nane na nusu usiku. Zimebaki mita 750 hivi za kupanda hadi Lenana (4,985), na alfajiri changarawe bado imeshikwa na baridi, inakanyagika. Jua likishapanda huanza kuporomoka chini ya buti. Rudini Shipton's mnywe uji, mteremke hadi Old Moses. Siku ya tano mko Nanyuki, yaani siku moja zaidi ya mlizopanga.

Kutoka Old Moses hadi Liki North bado ni karibu mita 700, zaidi ya kanuni. Mwenye siku ya sita ailale Old Moses mara mbili. Tunajua kwa nini watu hubana siku: ada ya hifadhi hulipwa kwa kila siku, na ya kambi iko juu yake. Ila huko siko kwa kubania. Afadhali kuazima hema kuliko kukata usiku mmoja. Malipo hufanywa kabla kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwani langoni hawapokei fedha taslimu. Askari wa Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) hawamruhusu mtu kuingia kupanda peke yake, na hata mkiwa wanne, kiongozi anayeijua njia ya usiku kutoka Shipton's anastahili ujira wake.

Tulichemsha maharage Shipton's tangu jioni hadi gesi ikakata, na bado yalikuwa magumu. Je, mtungi ulikuwa na kasoro? (Msomaji, Kisumu)

Mtungi hauna kosa. Shinikizo la hewa hupungua kadiri unavyopanda, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pwani ni nyuzi 100, Shipton's ni kama 86. Ukiongeza moto, maji yatatokota kwa kelele na kukauka upesi, lakini joto lake halitapita hapo. Maharage makavu, githeri na nyama ngumu havina njia ya kuiva kwa 86 ndani ya muda ambao gesi yako inaumudu.

Kwa hiyo pikeni nyumbani, au bebeni vinavyoiva haraka: tambi nyembamba, kamande nyekundu zilizokobolewa, dagaa waliokaangwa, mayai yaliyochemshwa, chapati za siku mbili za kwanza. Mchele unawezekana. Uloweke nusu saa, uchemshe dakika tano, uzime jiko, funika sufuria na uizungushie sweta au blanketi kwa dakika ishirini hadi thelathini. Ugali huiva pia, lakini unakula gesi: unasonga muda mrefu, sufuria iko wazi, upepo unapiga.

Hesabu ya gesi ni hii. Jiko dogo la kufunga juu ya mtungi, likikingwa upepo na sufuria ikifunikwa, hutumia kama gramu 15 kuchemsha lita moja. Kwa maji ya baridi ya kule juu wekeni 20. Watu wawili wanaotumia lita 4 kwa siku kwa chai, uji na chakula watahitaji gramu 80 kwa siku, yaani 320 kwa siku nne. Mtungi mmoja wa gramu 230 hautoshi. Bebeni miwili, au mmoja wa 450. Kama mtachemsha na maji ya kunywa, zidisheni mara mbili, au bebeni dawa ya kutibu maji.

Angalieni pia kilichomo. Butani tupu hukataa kugeuka hewa joto likikaribia nyuzi 0, na alfajiri moto utakuwa wa kibiriti ilhali mtungi ukiutikisa una gesi. Tafuteni mchanganyiko wa isobutani na propani. Usiku lala na mtungi ndani ya begi la kulalia, na asubuhi usimamishe kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu. Kinga ya upepo isiuzunguke mtungi wenyewe, kwa sababu ukipata joto kupita kiasi unaweza kulipuka. Wanaotoka Mombasa kwa ndege wanunue gesi Nairobi au Nanyuki, maana ndani ya ndege hairuhusiwi, hata kwenye mzigo wa chini.

Mvua ikinyesha, tunaweza kuingiza jiko la mkaa hemani, au kuwasha kuni? (Msomaji, Meru)

La, yote mawili. Jiko la mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu hupata kichwa kizito na usingizi, hudhani ni mlima, na haamki. Jiko la gesi nalo huitoa likikosa hewa, mbali na hema kushika moto. Pikeni kwenye sebule ya hema (nafasi iliyofunikwa mbele ya mlango), zipu ikiwa wazi juu na chini, au tandazeni turubai nje.

Kuni pia sahauni. Nyasi na mijani mikavu ya nyanda za juu hushika moto kirahisi, na moto wa Machi 2012 uliteketeza eneo kubwa la mlima huu.

Begi langu la kulalia limeandikwa -5, na bado niliganda. (Msomaji, Nakuru)

Soma lebo upya. Mara nyingi huwa na namba tatu: ya kulala vizuri, ya mwisho wa kuvumilia, na ya kuponea chupuchupu. Mwenye duka huandika kwa herufi kubwa ile inayouza. Kwa Shipton's na Mackinder's, ambako usiku hushuka chini ya nyuzi 0, namba ya kulala vizuri iwe -5 au chini yake.

Halafu tazama ulilalia nini. Uzito wa mwili hubana sufi ya begi, na mgongoni hubaki kitambaa tu. Baridi iliyokutesa ilitoka ardhini. Godoro la kambi hupimwa kwa thamani ya R, yaani uwezo wake wa kuzuia baridi. Kwa kule juu iwe 4 au zaidi. Mkeka wa povu wa sentimita moja peke yake hauna hata nusu ya hiyo, lakini ukiutandika chini ya godoro la kujaza hewa, thamani zake hujumlishwa.

Weka soksi na fulana ambazo hazivaliwi ila kwa kulala. Usifunge matundu ya hema ili upate joto: mvuke wa pumzi utaganda kwenye turubai na asubuhi kukudondokea. Betri, simu na kichujio cha maji vilale nawe. Kichujio cha nyuzinyuzi kikiganda hata mara moja hupasuka kwa ndani. Kitaonekana kizima na maji yatapita, ila hakichuji tena.

Mwenzetu alitapika usiku na akawa anayumba akienda chooni. Tulishauriwa alale hadi asubuhi. Ulikuwa ushauri sahihi? (Msomaji, Eldoret)

Haukuwa sahihi. Kichwa kuuma na kichefuchefu peke yake humaanisha usipande zaidi mpaka vipoe. Kuyumba ni jambo jingine: huenda ubongo umeanza kuvimba. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, teremkeni usiku huohuo, pamoja naye, angalau mita 500 hadi 1,000. Vivyo hivyo kwa anayehema akiwa amekaa tu, au anayekohoa povu. Dawa ya asetazolamaidi (Diamox), kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, husaidia kuzuia ugonjwa huu wa mwinuko. Muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Haichukui nafasi ya kushuka.

Mimi ni Mtanzania na nina hema langu. Naweza kupanda Kilimanjaro bila kampuni? (Msomaji, Tanga)

Huwezi. Tangu 1991 kiongozi ni lazima, na safari hupitia wakala mwenye leseni. Hema lako unaweza kulibeba mkikubaliana naye, isipokuwa njia ya Marangu, ambako watu hulala vibandani. Mlima Meru, ule wa Arusha, nako kuna vibanda, na askari mwenye bunduki hufuatana nanyi kwa ajili ya nyati na tembo. Ukitaka kujizoeza hema bila adha ya mwinuko, anza na Udzungwa, hifadhi ya misitu isiyo na barabara ndani, yote ni kwa miguu. Kabla ya kusimamisha hema kagua njia za siafu.

Chakula tukiweke wapi wanyama wasikifikie? (Msomaji, Nanyuki)

Msituni, hadi karibu mita 3,000, wasumbufu ni nyani na kima, na usiku nyati. Hapo msitembee gizani. Juu zaidi ni panya na pimbi, waliozoea watu kiasi cha kutoboa hema wakinusa karanga. Tumieni ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, iliyowekewa jiwe juu. Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini tangu Juni 2020, kwa hiyo hamishieni kila kitu kwenye vyombo vya kudumu kabla ya kufika langoni.