Barua kwa mwanangu: baba yako na mkanda wa pili

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata. Sisi hatujambo, ila upepo umeanza na mabati hayatulii usiku. Umeniuliza kama picha za kutafsiriwa zinamharibu Daudi, maana baba yake anataka mtoto aangalie zenye sauti yake yenyewe, asome maneno yanayopita chini, na mtoto hataki, anamtaka yule mtafsiri anayeongea juu ya wazungu. Nimeliwaza swali lako nikimenya karanga, nikajikuta simuwazi Daudi kabisa. Nawaza chumba cha mbele cha Makole, Dodoma, baba yako kasimama pembeni ya tivii na kijiti chake mkononi, akiwatafsiria watu picha.

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa 1993, huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa na chao tangu 1973, sisi tulisubiri ITV mpaka 1994. Kwa hiyo ile tivii ilikuwa ya deki tu, na deki ilipowashwa, mtaa mzima ulijua. Watu walikuja na vigoda vyao. Baba yako alianza kwa kufuta hedi ya deki, ile inayosoma mkanda, kwa pamba yenye spiriti, taratibu kama anayemsafisha mtoto jicho, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Siku hiyo ilikuwa Sholay, picha ya Kihindi. Unajua ni picha ya 1975, inapita saa tatu, ndiyo maana ilikuja kwenye mikanda miwili. Kihindi alichokijua baba yako ni kile alichookota alipokuwa karani wa duka la vitambaa: bei, salamu na matusi mawili. Yaliyobaki alijaza mwenyewe. Na kwa kuwa bibi yako alikuwa amekuja kutoka Kongwa, baba yako alisimulia Kiswahili kwa majirani, kisha akageuka na kumwambia mama yake kwa Kigogo. Gabbar Singh, yule jambazi, kwenye picha anawanyang'anya wanakijiji nafaka. Kwa baba yako akawa mwizi wa ng'ombe, na ninakuambia, bibi yako alimchukia yule mtu kwa moyo wake wote! Alipoona ile milima ya mawe matupu akasema hapo ni Mlimwa, kile kilima chetu cha Dodoma. Ni Ramanagara, huko Karnataka, lakini nani angembishia? Mawe ni yale yale.

Nimesema siku zote na nitasema tena: picha haitazamwi na mtu mmoja. Bibi yako hakujua kusoma. Maneno ya chini yangemsaidia nini?

Basi mkanda wa pili ukafika pale Jai anapopigwa risasi. Unamkumbuka Jai, Amitabh Bachchan, yule wa kupuliza kinanda cha mdomo jioni huku yule mjane mwenye nguo nyeupe akizima taa moja moja. Watoto wote wa Makole walijua kwamba steringi hafi. Jai akalala mikononi mwa mwenzake, na wewe ukaanza kulia, wakafuata wa jirani, chumba kizima kilio. Baba yako akanyoosha kijiti akasema: "Amezimia tu. Wanampeleka hospitali."

Mkanyamaza. Ulifuta uso kwa kanga yangu.

Kulikuwa na mwalimu kijana, mgeni wa jirani zetu, alikuwa amekaa karibu na mlango. Alisubiri mpaka moto ulipoonekana, ule wa mazishi ya Kihindi, akauliza kwa sauti: "Mzee, sasa pale wanachoma nini?" Watu wakacheka. Akaendelea, kwamba amekufa huyo, na kwamba mambo ya ng'ombe hayamo, anayajua kwa sababu ameisoma hadithi yake. Baba yako hakujibu. Aliweka kile kijiti juu ya tivii, akaja kukaa nyuma karibu yangu, na picha ikaisha bila msimulizi. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi.

Hakusimulia tena, Neema. Watu walimwomba, akasema koo linamuuma. Miaka ilipopita zikaja kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa picha aliyevuma, watu wa Makole walisema haya tulishayaona kwa baba Neema, na yeye alitabasamu tu.

Nimemkasirikia yule mwalimu miaka mingi. Lakini nikitulia najiuliza alikosa nini. Jai alikufa kweli. Mtoto wa miaka saba naye ana haki ya kujua aliyekufa amekufa, na wewe uliponiuliza usiku ule nilishindwa kusema. Hapo namwelewa mkwe wangu, hataki mwanawe adanganywe. Ila tena, mwaka jana kaka yako alinisomea kwenye simu kwamba hata wenyewe walioitengeneza walikuwa na mwisho mwingine. Yule Thakur aliyekatwa mikono na Gabbar alikuwa amuue Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wa filamu wa India wakakataa, ikabidi polisi waingie dakika ya mwisho wamkamate. Nililia kidogo, nilitamani baba yako angekuwepo asikie kwamba si yeye peke yake aliyegeuza mwisho.

Sasa unataka niseme Daudi aangalie ipi. Nina jibu langu, na unalijua tangu mwanzo wa barua hii, lakini nyumba ni yenu na mtoto ana baba yake, kwa hiyo nimeuma ulimi. Ninachoomba ni kitu kimoja: msimwache peke yake na ile simu. Kaeni naye, hata kama ni hayo maneno ya chini, mmoja wenu amsomee.

Karanga nimezifunga kilo tatu, nazituma kwa basi Jumamosi. Ukizipokea, mpe Daudi simu anisimulie ile picha aliyoiona juzi. Usimsaidie, na akikosea usimsahihishe.

Mama yako