Usianze na sponji: kitanda cha kulala kwenye boti ndogo ya tanga

Kila Kusi inapokaribia, vijana wanaoanza kazi kwenye boti ndogo za tanga hapa Nungwi huniuliza swali moja: "Kaka, sponji ninunue ya inchi ngapi?" Nawajibu kwamba sponji ni jambo la nne au la tano. Kwanza niambie utalala boti ikiwa wapi, nangani au safarini? Hivyo ni vitanda viwili, na ukivichanganya utakosa usingizi kote kote.

Mimi nililijua hilo kwa mbavu zangu. Boti ya kwanza niliyopewa kuitengeneza kabini ilikuwa ya futi 27. Nilikuwa nimetoka kwenye samani za nyumba, nikafanya kama nilivyozoea: kitanda cha upana wa futi 3 na nusu, plaiwudi nzima chini yake, sponji ya inchi 6, foronya za maua. Mwenye boti akafurahi, nami nikafurahi kuliko yeye. Wiki ya pili tukatoka usiku kwenda Mkoani, Pemba, Kusi imeshika, upepo unatujia kwa nyuma upande wa kulia. Ikafika zamu yangu ya kulala. Boti ikilalia kushoto, nami naenda kushoto. Wimbi likiinua tezi, yaani nyuma ya boti, narudi kulia. Nilibiringika kama nazi ndani ya ngama, kule chini kabisa ya chombo. Na mtu akibiringika hivyo hasinzii, kwa sababu misuli inajishikilia hata kama macho yamefumba. Saa nane za usiku nikachukua mto, nikashuka sakafuni, nikajibana kati ya mfuko wa tanga la akiba na sanduku la zana. Hapo nikalala fofofo.

Alfajiri mzee mmoja wa Kojani tuliyekuwa naye akanikuta pale, akacheka. "Sasa umekipata kitanda, mwanangu. Cha baharini kiwe kama mwanandani wa kaburi, tofauti yake wewe unaamka." Maneno mazito kwa mtu ambaye hajanywa chai, lakini vipimo vyake ndivyo ninavyotumia mpaka leo.

Kwa kitanda cha safari, upana wa futi 2 mabegani, yaani sentimita 60 hivi, unamtosha mtu wa kawaida. Miguuni sentimita 40 zinatosha. Urefu, chukua kimo cha mtu mrefu kuliko wote watakaolala hapo, uongeze inchi 4. Kwenda juu, ukiweza kuacha sentimita 90 kutoka kwenye godoro, mtu atakaa bila kugonga kichwa. Ukishindwa, basi angalau ajigeuze ubavu bila bega kugusa dari. Na usiamini tepu peke yake. Tafuta boksi kubwa la friji, likate kwa vipimo hivyo, liweke sakafuni nyumbani kwako na ulale juu yake kwa ubavu, magoti umeyakunja. Kiwiko na goti ndivyo vitakavyokueleza ukweli. Watoto watakucheka, waache wacheke.

Mahali pa kitanda hicho ni katikati ya boti, chini, karibu na usawa wa maji. Hapo ndipo mtikisiko unapokuwa mdogo. Omo, yaani mbele ya boti, hupanda na kushuka kama pembea. Nimeona mabaharia wazoefu wanatapika kwa kulala omo saa moja tu. Tezini, chini ya viti vya nje, kuna pango zuri la kulala, ila mara nyingi jirani yako ni injini. Ikiwa imezimwa sasa hivi, joto lake litakaa nawe mpaka usiku wa manane.

Sasa nije kwenye kitu ambacho boti nyingi hazina, na gharama yake haifiki hata bei ya sponji. Boti ikikimbia kwa tanga hulalia upande mmoja. Aliyelala upande wa demani, kule upepo unakoelekea, husukumwa kwenye ubavu wa boti na kutulia. Aliyelala upande wa joshi, unakotoka upepo, humwagika sakafuni. Na mkianza kubisha, yaani kwenda kwa kupindapinda kuukabili upepo, kila mnapogeuza, wa joshi anakuwa wa demani na wa demani anakuwa wa joshi. Huwezi kuhamisha watu vitanda kila nusu saa. Dawa yake ni kipande cha turubai kinachosimama ukingoni mwa kitanda. Sisi tunakiita mbeleko, maana kazi yake ni ileile.

Mbeleko inashonwa hivi. Kata turubai lenye urefu wa futi 4 na kimo cha sentimita 70. Sentimita 20 za chini zipite chini ya godoro, uzibane kwenye mbao ya kitanda kwa kipande chembamba cha mbao na skrubu za stenlesi, si misumari. Misumari hung'oka siku ya kwanza mtu wa kilo 90 anapoiegemea. Ukingo wa juu ukunje mara mbili, pitisha kamba ndani ya pindo, kisha weka vitundu vya shaba kila pembe. Kamba mbili zipande mpaka kwenye kulabu zilizofungwa kwenye boriti za sitaha. Usiifanye mbeleko iende kutoka utosini mpaka vidoleni. Ianzie begani na kuishia gotini, kichwa kipate hewa. Fundo liwe la kufyatua, upande wa anayelala, afungue kwa mkono mmoja gizani. Nahodha akiita watu juu, hakuna wakati wa kung'ata fundo kwa meno. Mkiwa nangani, mbeleko hukunjwa chini ya godoro, na mgeni hata hajui kama ipo.

Chini ya godoro usiweke plaiwudi nzima. Jasho la mtu linashuka, linakuta ubao, linakosa pa kwenda, na baada ya mwezi unapoinua sponji unakuta ukungu mweusi. Weka vipande vya mbao vya sentimita 5, mwanya wa sentimita 3 kati yake. Wengine husuka kamba kama kitanda cha teremka tukaze, na kwa hewa hakuna kinachoshinda hicho. Ila kamba ya nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo uwe na subira ya kuikaza. Kama plaiwudi imeshawekwa na mwenye boti hataki gharama, itoboe matundu mengi ya inchi 1, kisha tandika jamvi au tabaka la usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, kabla ya sponji. Mabibi zetu walilalia magodoro ya usumba na hawakuwahi kulalamika kwamba yanaoza kwa jasho.

Haya, sponji. Inchi 4, nzito, ambayo ukiibonyeza kwa ngumi hugusi mbao. Laini ya inchi 6 hushuka yote chini ya kiuno na kula nafasi ya juu. Kitambaa cha juu kiwe pamba. Wako wanaopenda kile cha plastiki kinachofanana na ngozi, cha viti vya daladala, kwa sababu kinapanguswa. Lala juu yake usiku mmoja wa Februari, Kaskazi imekatika, halafu tuzungumze. Weka zipu ndefu upande mmoja, maana foronya hiyo lazima ivuliwe na kufuliwa kwa maji matamu. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Godoro lililolowa maji ya bahari unaweza kulianika siku tatu, jioni likarudi kuwa bichi kama halijaonja jua. Lioshe kwa maji matamu kwanza, ndipo ulianike. Kwa sababu hiyohiyo, aliyetoka kuogelea asikae kitandani kabla hajajisuuza, hata akiwa mgeni aliyelipa. Mto naupenda wa sufi. Sufi haishiki maji upesi, na zamani hata jaketi za kuokolea zilijazwa sufi.

Nangani mambo yanageuka. Boti iliyotia nanga huelekeza omo kwenye upepo, kwa hiyo kitanda cha omo, kile kibaya safarini, ndicho bora usiku huo, mradi kuna kidirisha juu yake. Shona bomba la kitambaa chepesi linaloning'inia juu ya kidirisha na kuusukuma upepo chini. Kikoi kilichochakaa kinafaa. Ila kwenye hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kama la Chake Chake, siku za bamvua boti hufuata maji na wala si upepo. Hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita 4, na mkondo wake una nguvu. Utajikuta omo inatazama huku na upepo unatoka kule. Ndiyo maana bomba langu lina midomo minne, likipata upepo popote linaumeza.

Chandarua kifuate umbo la kidirisha, kibanwe kwa utepe wa kunata pembe zote. Malaria Zanzibar imepungua sana lakini haijaisha. Na ukilala karibu na mikoko kuna usubi, ambao chandarua cha kawaida wanapita kama mlango wa msikiti. Cha matundu madogo zaidi kinawazuia, ila kinazuia na upepo. Mimi husogeza boti mbali na mikoko kabla ya magharibi, yakaisha.

Mvua za masika zikivuja, usizibe juu ya kitanda ukadhani umemaliza. Maji huingia kwenye skrubu ya huku, yakatembea chini ya sitaha na kudondokea kule. Fuata kwa ndoo ya maji na mtu wa kuchungulia ndani. Na hata mvua ikiwaje, jiko la mkaa lisiingizwe kabini pamoja na watu waliolala. Moshi wake mbaya ni ule usioonekana wala kunuka. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka mpaka ngama, chini kabisa ya kitanda chako. Funga mtungi kabla ya kulala.

Kabla hujapiga vanishi, omba ruhusa ulale humo usiku mmoja, boti ikiwa nangani Mkokotoni au popote penye mawimbi kidogo. Uwe na chaki. Kila sehemu inayokuchoma au kukugonga, piga alama gizani hapohapo ulipolala. Usingoje asubuhi, kwa sababu asubuhi utakuwa umesahau kama ni goti au kiwiko, na randa haina cha kufuata.