Ukishapewa tarehe za konseti, kaa na kalenda kabla hujakaa na nota

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuimba muziki wa klasiki, kwanza hongereni kwa wale ambao mialiko imeanza kuingia, najua ile raha ya kuona jina lako limekaa chini ya jina la kondakta na tarehe iko pale watu wote wanaiona. Sasa kuna kitu chuoni hakisemwi sana na mimi nakiona kila msimu kinawaumiza vijana wenye sauti nzuri kabisa. Chuoni unafundishwa kuimba kazi moja mpaka ikae sawa, huku nje unaimba kazi nne tano zilizofuatana, na kinachomvunja mwimbaji mara nyingi ni kazi mbili zisizoendana zilizokaa wiki moja na yeye mwenyewe alizikubali zote bila kuziangalia pamoja.

Kwaiyo kabla hujafungua nota, toa tarehe zako zote uziweke mbele yako, kila moja uandike ni kazi gani, inakaa wapi kwenye sauti yako, inachukua muda gani, unaimba na nani nyuma yako. Winterreise ya Schubert ni nyimbo 24, zaidi ya saa nzima wewe na piano tu, hakuna kwaya ya kukupumzisha na wengi wanaiimba bila kushika nota, yaani pale akili inachoka kuliko koo. Messiah ya Handel ni kama saa mbili na nusu lakini waimbaji wa solo mko wanne, unaimba unakaa, unaimba unakaa. Requiem ya Verdi, yaani misa ya wafu, una orkestra kubwa na kwaya kubwa mgongoni na kuna mahali lazima utoe kila ulichonacho. Sasa mtu akiimba Verdi Alhamisi alafu Jumamosi akaimba Bach, sauti inaweza isiwe imechoka hata kidogo lakini mwili bado uko kwenye uzito wa juzi, ukitaka zile nota ndogo ndogo zikimbie haziendi, zinaburuzika. Mimi nikiwa na uwezo wa kuchagua nyepesi inatangulia, nzito inafuata, na katikati naacha siku za kuongea kidogo. Kama tarehe hazibadiliki na kazi haziendani, basi moja ikatae mapema. Inauma lakini wanaokualika wanamkumbuka zaidi aliyeimba vibaya kuliko aliyesema hapana kwa heshima miezi sita kabla.

Ukishakubali, uliza. Hapa wageni wengi wanaona aibu, wanafikiri kuuliza kunaonyesha hawajui kazi, wakati ni kinyume kabisa. Chukua hiyo Messiah. Handel aliiandika 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na baada ya hapo aliendelea kuibadilisha miaka na miaka kufuata waimbaji aliowapata. Ndio maana leo ukiambiwa tu "unaimba Messiah" bado hujaambiwa kitu. Solo ya soprano ya Rejoice greatly ina matoleo mawili, moja mapigo manne ya kawaida, lingine mapigo yanakwenda tatu tatu, na ukizoea moja mwili wako wote unavuta pumzi mahali ambapo lingine halina nafasi. Solo nyingine humo humo, But who may abide, kuna mahali inaimbwa na besi na kuna mahali anapewa alto, maana Handel mwenyewe aliiandika upya kwa mwimbaji wa sauti ya alto. Fikiria umefika mazoezi ya kwanza na besi na alto wote wamesimama. Kwaiyo andika imeili uulize: nota zimechapwa na nani, toleo gani, kitu gani kinakatwa, vyombo mnavityuni kwenye kimo gani.

Hiyo ya kutyuni msiichukulie poa. Kiwango cha kawaida ni nota ya A kwenye hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, orkestra nyingi za Ulaya zinapanda kidogo 442 au 443, na vikundi vinavyopiga vyombo vya zamani vinashuka mpaka 415 ambayo ni karibu nusu toni nzima chini, yaani kama kushuka kibonye kimoja cha piano. Kwa soprano ile nusu toni inaweza kuwa zawadi, kwa besi na alto nota zako za chini kabisa zinashuka zaidi na huenda ile uliyoiamini nyumbani isisikike tena. Ukijua mapema unafanyia mazoezi hapo hapo kwenye 415 mpaka koo lizoee. Na kama ni Kilatini uliza pia wanatamka Kilatini cha Kiitaliano au cha Kijerumani, maana lucis moja inakuwa "luchis" na nyingine "lutsis" na kwaya nzima itakuwa upande mmoja wewe uko upande wa pili.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ndicho kilinifanya niandike hivi vyote, kusubiri. Kuna kazi kubwa sana ambazo ugumu wake kwa mwimbaji ni kukaa. Simfoni ya 9 ya Beethoven, ya 1824, solo wanne hawaimbi mpaka sehemu ya nne, yaani kabla ya hapo kuna dakika arobaini na zaidi za orkestra, alafu besi anasimama anafungua yeye peke yake orkestra ikiwa imenyamaza karibu yote. Requiem ya Kijerumani ya Brahms soprano ana sehemu moja tu, ya tano kati ya saba, na anaanza juu, polepole, kwa ulaini, sentensi ndefu ambazo pumzi isipokuwa tayari zinakatika. Simfoni ya 4 ya Mahler soprano yuko mwisho kabisa. Carmina Burana ya Orff teno ana wimbo mmoja jioni nzima na huo mmoja uko juu mahali ambapo teno wengi hawapendi hata kupita. Hao watu wote walipasha sauti vizuri nyuma ya jukwaa, alafu wakakaa kwenye kiti kigumu, mbele ya watu, chini ya mataa, kiyoyozi kinawapuliza.

Kinachosaidia ni hiki. Muulize kondakta mapema mnaingia lini, wengine kwenye hiyo ya Beethoven wanawaleta solo baada ya sehemu ya pili na hapo umeokoa karibu nusu ya muda. Kupasha sauti kupeleke karibu iwezekanavyo na kuingia, ukimaliza saa moja kabla umejichosha bure. Ukiwa umekaa vuta hewa kwa pua maana ya mdomo inakausha, miguu yote miwili chini, mgongo usiegemee mpaka ukasahau mbavu zako ziko wapi. Orkestra ikiwa kwenye kelele zake kubwa unaweza kuvumisha nota ndogo mdomo umefunga, hakuna atakayesikia, jirani yako labda. Maji kidogo chini ya kiti. Na zile nota za mwanzo ziimbe kichwani kabla hujasimama, sio wakati unasimama. Juu ya yote sikiliza muziki wenyewe, usikae unahesabu mapigo ya moyo, ukiingia ndani ya kile orkestra wanachofanya pumzi yako inafuata mwendo wao na ukisimama unakuwa uko ndani ya kazi tayari. Watu wanakuona muda wote, uso wako ukiwa unasikiliza na wao wanasikiliza.

Mazoezi ya kwanza na orkestra utapata mshtuko, hutajisikia. Ulizoea piano chumbani, sasa kuna watu themanini na sauti yako imepotea, na mwili unachotaka kufanya ni kusukuma. Usisukume. Nguvu nyingi ya orkestra imekusanyika chini, karibu hezi 500, alafu inapungua kadri unavyopanda, na sauti iliyofundishwa vizuri, hasa za wanaume na za chini za wanawake, ina mng'ao karibu hezi 3000 ambako orkestra ni dhaifu. Johan Sundberg, mtafiti wa sauti wa Sweden, ndiye aliyelichunguza hili kwa undani. Kwaiyo mng'ao ndio unaopita, ukisukuma unaongeza hewa na mkazo na ule mng'ao ndio wa kwanza kuondoka. Mtume mtu unayemwamini masikio akae nyuma ya ukumbi akuambie, wewe fuata hisia ya mwili. Na kama mazoezi ya mwisho yako asubuhi na konseti jioni, imba nusu sauti zile za juu, mwambie tu kondakta, wazoefu wote wanafanya hivyo na hakuna anayekasirika.

Mambo ya mwili nitapita haraka. Maji unayokunywa hayagusi nyuzi za sauti, yanapita njia ya chakula, mpaka mwili uyasambaze ni masaa, kwaiyo kunywa siku nzima sio dakika tano kabla, ukitaka unyevu wa haraka vuta mvuke. Kula chakula kizito usiku na kulala hapo hapo kunapandisha tindikali kooni. Kunong'ona sio kupumzisha sauti, nyamaza kabisa. Aspirini na ibuprofeni zinafanya damu isigande haraka na mshipa mdogo kwenye nyuzi za sauti unaweza kupasuka ukiimba kwa nguvu, muulize daktari anayejua waimbaji kabla hujameza kitu siku ya kazi.

Mwisho ni mkataba. Soma mahali panaposema ukiugua nini kinatokea, ratiba ikifutwa unalipwa kiasi gani, nauli na malazi ni ya nani, mazoezi ni mangapi, na kama wanarekodi wana ruhusa ya kufanya nini na hiyo rekodi. Ukiona homa imeanza siku mbili kabla, piga simu hapo hapo, usisubiri kuona kesho utaamkaje, kwa sababu ofisi inahitaji muda wa kumtafuta anayejua toleo lile lile, ufunguo ule ule wa wimbo, na aliye huru usiku huo. Wewe mwenyewe pia jiweke tayari kwa simu ya aina hiyo, nota za kazi ulizokwisha kuimba zitunze na alama zake zote za penseli, matamshi, mikato, mahali pa kusimama, ukiitwa asubuhi uimbe jioni uwe unarudia kitu unachokijua.