Hoteli ya Kila Kitu Ndani Unguja: Mambo ya Kuuliza Kabla Hujalipa

Likizo ya Desemba ikikaribia, ndugu na marafiki huniuliza swali lile lile. Je, zile hoteli za ufukweni Unguja ambazo unalipa mara moja, kisha chumba, chakula na vinywaji vyote vinakuwa vimo, zinalingana na hela yake? Nimekaa kwenye hoteli za namna hiyo na mume wangu, na watoto, na safari nyingine na mama yangu mzazi, kaskazini na mashariki mwa kisiwa. Jibu langu halijabadilika: zinalingana iwapo unaye mtu wa kumpumzisha. Kama umekuja kuijua Zanzibar, tafuta chumba cha kawaida chenye chai ya asubuhi tu.

Hilo la kupumzika wengi hawalitii kwenye hesabu. Kwetu sisi likizo ya familia mara nyingi huwa ni kuhamisha jiko. Tunapanga nyumba Bagamoyo au tunakwenda kijijini, na yule yule anayepika nyumbani ndiye anayeamka alfajiri kuchemsha chai ya watu kumi. Nilipompeleka mama Kiwengwa, mlo wa kwanza ulipokwisha aliinuka akaanza kupanga sahani zetu moja juu ya nyingine. Mhudumu, kijana wa Kipemba, akazipokea kwa mikono miwili: "Mama, kaa. Hii kazi yangu." Akakaa, lakini hakutulia. Ilichukua muda kuamini kwamba hakuna mtu anayemsubiri jikoni. Kabla hatujaondoka alikuwa anashuka kivulini baada ya chai, na swali lake pekee lilikuwa mchana kuna samaki gani. Sijawahi kumwona mama yangu akiuliza chakula ambacho hakukipika yeye. Kwa safari ile nililipa bei kamili na ningelipa tena.

Basi kama nyumbani kwako yupo mtu asiyeketi mpaka wote washibe, mweke yeye wa kwanza kwenye orodha. Vilevile kwa wazazi wenye watoto wadogo: mtoto anayetaka juisi kila baada ya nusu saa, hoteli ya kawaida itakumaliza mfukoni. Ila vijana wawili wenye miguu na hamu ya kuona, mnaweza kupata chumba Jambiani au Paje, mchana mkala wali na pweza wa nazi kijijini, jioni mkapanda gari kwenda mjini. Bei ya kila kitu ndani ilipangwa zaidi kwa wageni wanaotoka Ulaya kwa safari waliyoilipia yote kwao. Kiwengwa hasa ilijengwa na watalii wa Italia tangu miaka ya 1990, ndiyo maana vijana wengi wa pale ufukweni wanaongea Kiitaliano vizuri sana. Mgeni yule hajui lugha wala bei za sokoni, kwa hiyo anahitaji kufungiwa kila kitu. Wewe unaongea lugha ya mwenye duka, na hiyo ni akiba tayari.

Chagua pwani kwanza, hoteli baadaye

Hili ningeliweka juu ya yote. Picha za hoteli hupigwa maji yakiwa yamejaa. Unguja, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa hadi Paje, Jambiani na Makunduchi, ufuo ni tambarare na mwamba uko mbali, kwa hiyo maji yakitoka yanatoka kweli. Unaweza kutembea mchangani zaidi ya kilomita moja bila kuloa magoti. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, pwani ina kina na bahari haikimbii mbali, unaogelea karibu saa zote.

Aliyekulia pwani analijua hili tangu utoto, lakini wa Dodoma au Mwanza aliyelipa hela nyingi anaweza kufungua pazia asubuhi akakuta bahari imeondoka. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanakupwa sana kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Kila siku saa hizo zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haitoki mbali wala haiji juu sana. Kama umeshafunga tarehe zako na zimeangukia bamvua, na unataka watoto waogelee asubuhi, nenda kaskazini.

Sisemi mashariki ni kubaya. Mimi mwenyewe napapenda kuliko kaskazini, kwa sababu maji yakitoka ndipo pwani inapofanya kazi. Wanawake wanashuka na magunia kwenye mashamba ya mwani, wengine wanatafuta chaza na pweza, na watoto wako wanajifunza mengi kuliko ndani ya bwawa la kuogelea. Ila waelekeze mapema: vile vijiti na kamba zilizotandazwa ni shamba la mtu, msikanyage wala kuvuta. Vaeni yeboyebo au viatu vyovyote vya mpira, kwa sababu ya wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mawe. Mwiba wao ukiingia kisiginoni, likizo inasimama.

Upepo nao una upande wake. Kusi, kama Juni hadi Septemba, huvuma kwa nguvu Paje na Jambiani, ndiyo maana wanaorusha tiara za kuteleza majini wamejaa huko. Desemba hadi Februari ni kaskazi na joto kali, hapo hakikisha chumba kina kiyoyozi na jenereta ya hoteli inakibeba umeme ukikatika. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, bei hushuka sana na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Ukikubali kunyeshewa, Mei mwishoni unaweza kupata chumba kizuri kwa bei ambayo Agosti hutaigusa.

Bangili inafungua nini

Ukifika mapokezi utafungwa bangili ya plastiki mkononi. Kabla hujalipa hata senti ya kushika chumba, uliza kwa maandishi bangili hiyo inafungua nini na mpaka saa ngapi. "Kila kitu" cha hoteli moja si cha nyingine. Nimekaa mahali ambapo vinywaji vilikoma saa nne usiku, baada ya hapo unalipia hata maji. Bia za humu nchini na Konyagi kwa kawaida zimo, mvinyo wa chupa na pombe kali za nje mara nyingi hazimo. Juisi ya matunda halisi inaweza kuwa ya kulipia na ya bure ikawa ya unga, jambo linaloudhi katika kisiwa chenye maembe, mapesheni na nazi kila kona. Kahawa ya mashine, mgahawa wa pili wa kuagiza sahani, kamba na ngisi wa kuchoma, kukandwa mwili, kufuliwa nguo, yote haya yaulizie moja moja.

Uliza pia kodi. Zanzibar kuna tozo ya miundombinu ya kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa hotelini, nje ya bei uliyoona mtandaoni. Ukienda Krismasi au Mwaka Mpya, uliza kama kuna chakula maalumu cha usiku ambacho ni lazima kulipia. Hoteli nyingi huwa nacho, na kwa familia ya watu watano ni fedha ya kutosha kulala siku zaidi.

Halafu kuna bei ya wakazi. Usilipe bei ya mtandaoni kabla hujapiga simu. Piga mapokezi moja kwa moja, ongea Kiswahili, uliza bei ya Mtanzania au ya Mwafrika Mashariki, iwe kwa shilingi, na watoto wa umri gani hulala bure kwa wazazi. Tofauti huwa kubwa kiasi cha kubadili uamuzi, na kwenye tovuti za kukodi vyumba mara nyingi haionekani. Wakikubali, waombe waitume kwa barua pepe. Beba vitambulisho vya watu wazima wote na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu watavitaka mlangoni.

Mezani

Bafe kubwa inachosha haraka. Siku za mwanzo macho yanakula, baadaye unaanza kutafuta chakula chenye ladha ya mahali. Fanya hivi: mtafute mpishi mapema, msalimie, mwambie unatoka wapi na nyumbani mnakula nini. Jikoni kwao kila siku kuna sufuria ya wafanyakazi, na humo ndimo mna samaki wa kupaka, mchicha wa nazi na ugali wa kweli. Kila nilipoomba kwa heshima, nilipewa. Wapishi wengi wa pale hufurahi kupata mgeni anayejua kuutofautisha mchuzi wao na ule waliofundishwa kuwapikia wageni.

Kwa Waislamu, uhalali wa nyama uulizie kwenye simu ile ile ya bei. Kisiwa chenyewe karibu wote ni Waislamu, lakini hoteli nyingi za wageni huandaa nguruwe asubuhi, na vijiko vya kupakulia huhama sahani hadi sahani. Hoteli nzuri huweka meza ya nguruwe kando na kuandika wazi. Mama na dada wanaoogelea kwa mavazi ya kujisitiri waulizie na bwawa, kwa sababu zipo hoteli zenye masharti ya kitambaa, na hilo si jambo la kuambiwa ukiwa umeshaloa.

Toka getini

Hata ukiwa umelipia milo yote, toka. Hili nalisema kwa uzito wote, kwa sababu hoteli hizi zinaweza kukurudisha nyumbani hujaongea na mtu wa Unguja ambaye hajavaa sare. Toa angalau mchana mmoja na usiku mmoja, uhesabu milo hiyo kama sadaka. Nenda Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, upotee kwenye vichochoro vyake, ule urojo, na jua likizama ukae kwenye bustani ya Forodhani. Nenda msitu wa Jozani ukawaone kima punju, ambao hawapatikani porini popote nje ya Zanzibar. Daladala zipo hadi vijiji vya mbali, Nungwi kwa mfano ni namba 116, na nauli yake haifanani hata kidogo na ya teksi iliyoitwa na mapokezi.

Safari za majini, kama kwenda kuangalia samaki pembeni ya kisiwa kidogo cha Mnemba, linganisha bei ya hoteli na ya manahodha wa ufukweni. Mapapasi, wale vijana wanaowauzia wageni safari, watakufuata tangu unapokanyaga mchanga. Wajibu kwa upole na kwa Kiswahili, wengi watakuacha au watakupa bei ya ndugu. Lakini kabla ya kupanda, hesabu majaketi okozi kwa macho yako, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Kama halipo, usipande, hata kama umeshalipa. Na ukipita kijijini, jifunge kanga juu ya nguo ya kuogelea. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Watu wale wako nyumbani kwao, na hoteli imewakuta hapo.

Wanaokuhudumia

Bei ya kila kitu ndani huwafanya wageni wengi waone bakshishi nayo imo. Haimo. Anayetandika kitanda chako, anayefagia mwani ufukweni kabla hujaamka, anayeosha masufuria usiku, hao huwaoni, na noti unayompa mhudumu wa meza haiwafikii. Uliza mapokezi kama kuna sanduku la pamoja la bakshishi, na fedha zake zinagawanywaje. Lipo? Weka humo sehemu kubwa, kisha wape mkononi wale mliozoeana. Wengi wameacha familia bara au Pemba na wanalala kwenye vyumba vya pamoja nyuma ya hoteli. Kuwasalimia kwa majina, na shikamoo kwa aliyekuzidi umri hata kama ndiye anayekubebea sanduku, ni deni letu kabla ya fedha.

Siku ya kuondoka, chumba hutakiwa asubuhi wakati boti au ndege yako ni ya jioni. Ulizia mapema kama bangili inaendelea hadi chakula cha mchana, kama kuna bafu la kuogea baada ya kurudisha ufunguo, na mizigo itakaa wapi. Kutoka Nungwi hadi bandarini au uwanja wa ndege panga zaidi ya saa moja, na ongeza muda kwa ajili ya foleni ya kuingia mjini. Na bili ya ziada iombe usiku uliotangulia, iliyochapishwa, uisome mstari kwa mstari wakati mhasibu bado yuko ofisini na anaweza kuirekebisha.