Usilipe hiyo ya springi mbili, kwanza pima kisigino

Mkuu, usilipe! Umeandika kwamba mafuta yamekushinda, unataka uwe unatoka Kimara mpaka Posta kwa baiskeli, na kuna duka limeshakuwekea ile ya springi mbili "inayomeza mashimo". Nimesoma hapo nikashika goti.

2022, petroli ilipovuka 3,000 kwa lita, niliegesha Vitz yangu nikaenda Kariakoo kwa mbwembwe zote. Muuzaji akanikalisha kwenye siti, nyayo zote mbili zikalala sakafuni, akapiga makofi: "Bosi, imekukaa kama suti!" Mimi futi sita na kidogo, nikaamini. Laki nne na nusu ikaenda. Kumbe ukikaa nyayo zikalala chini hivyo, siti iko chini mno, goti linajikunja kupita kiasi kila mzunguko na ndilo linalobeba kazi yote. Yule jamaa alijua. Mzigo ulikuwa umemlalia dukani, akaona mjinga mrefu kaingia.

Asubuhi unateremka, unajiona bingwa. Shughuli ni jioni, kutoka Ubungo kupanda Kimara. Kila ukikanyaga pedali springi inabonyea, nguvu zinaishia kwenye kudunda, kama unaendesha godoro. Pale Baruti mzee mmoja na Phoenix yake, trei za mayai zimefungwa kwenye kerieri, alinipita huku anapiga mluzi. Akageuka: "Pole, kijana." Nina miaka 41.

Wiki ya tatu nashuka ngazi za ofisini upande upande kama kaa. Eksirei, dawa, mazoezi ya viungo, bajaji za kwenda na kurudi: laki sita na ushee. Ningeweka mafuta miezi mingapi hapo? Mke wangu mpaka leo akitaka kuninyamazisha ananiuliza tu bei ya petroli.

Fundi wa Manzese ndiye aliyenifumbua macho. Alivuta bomba la siti mpaka alama ya mwisho, bado fupi. "Kaka, hii fremu ya mwanao." Akanionyesha: kaa kwenye siti, pedali iwe chini kabisa, weka kisigino juu yake. Mguu unyooke. Ukija kukanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na ukisimamisha baiskeli ukiwa bado umekaa kwenye siti, ni vidole ndivyo vitakavyogusa chini. Kama bomba limefika alama na mguu bado umepinda, ondoka dukani, hata wakikupa na kofia ya bure.

Ninayoendesha sasa ni mtumba wa Japani, fremu ndefu, haina springi hata moja, laki na themanini. Kilima kile kile napanda nimekaa.

Uliuliza na jasho, sijui na mvua. Beba shati. Mvua ikizidi acha baiskeli, panda basi kama watu wengine.

Umeshatoa kishika uchumba au bado? Kapime kisigino leo, piga picha ya pembeni uiweke hapa tuuone huo mguu.