Viti vya kitambaa vya Mercedes W123: visafishwe kwa povu, visioshwe

Mkuu, umeuliza namna ya kusafisha viti vya kitambaa vya W123 ya 1982 iliyokaa miaka chini ya turubai Tanga: vumbi, madoa ya chai, ukungu kwenye mgongo wa kiti cha nyuma na harufu ya uvundo. Umesema pia umeshauriwa uipeleke kwa waosha magari wapige sabuni ya unga na maji ya presha. Usikubali. Kitambaa hicho kimevumilia uchafu miaka arobaini, lakini maji mengi ya siku moja yanatosha kukimaliza, na sababu iko chini ya kitambaa chenyewe.

Kwanza hakikisha ni kitambaa kweli. W123 nyingi zilitoka na MB-Tex, plastiki inayofanana na ngozi, na hiyo ni kazi nyingine. Kikiwa kitambaa, nyuma yake kimebandikwa sponji nyembamba. Chini ya sponji kuna godoro la nyuzi ngumu zilizogandishwa kwa raba, mfano wa usumba wa nazi uliokandamizwa, kisha springi za chuma. Maji yakizama, sponji na godoro vinayashika, springi zinaota kutu, na kutu inapanda na unyevu hadi juu. Sponji yenyewe kwa umri huu imechoka. Ikilowa na kusuguliwa inageuka unga, kitambaa kinabaki kimelegea na kujikunja. Na ukiona vumbi la kahawia sakafuni chini ya kiti, ukilifagia linarudi, ujue ni lile godoro linakatika. Hapo sabuni haisaidii, ni kazi ya fundi siti.

Uvundo utibiwe kuanzia kwenye chanzo, yaani pale maji yanapovujia ndani. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji taratibu kwa mpira: kwanza kuzunguka raba ya kioo cha mbele, kisha raba ya kioo cha nyuma, kisha buti na taa za nyuma. Kama gari lina dirisha la dari, angalia mipira yake ya kutolea maji. Ikiziba, maji yanashukia ndani. Inua kapeti uguse matandiko yaliyo chini yake. Yakiwa na unyevu, yatoe yakauke nje kabisa, la sivyo utasafisha viti na harufu itarudi baada ya wiki mbili.

Viti vitoke nje ya gari. Cha nyuma ni rahisi: kalio lina vifungo viwili chini upande wa mbele, mgongo unafunguliwa chini kisha unasukumwa juu. Vya mbele vinafunguliwa kwenye reli; bolti zikiwa na kutu, zipake mafuta ya kulegeza siku moja kabla.

Sehemu kubwa ya uchafu ni vumbi kavu, na hapa ndipo watu wanakosa subira. Vumbi lililobaki likikutana na maji linakuwa tope ndani ya nyuzi. Piga kiti kwa kiganja, fyonza, piga tena, fyonza tena, mara tatu nne, hasa kwenye mishono. Funga kipande cha chandarua mdomoni mwa mashine ya kufyonza vumbi ili isivute nyuzi dhaifu. Brashi iwe laini, ya nguo. Sehemu ya juu ya mgongo wa kiti cha nyuma, inayopigwa na jua la kioo, huwa imeungua: ibane kwa vidole gumba viwili uvute kidogo. Nyuzi zikiachana, pale ni kufyonza tu, brashi isiguse.

Kisha jaribio la rangi. Chagua mahali pa siri, kwa mfano ukingo unaokunjwa chini ya kalio. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya sabuni utakayotumia, kandamiza dakika kumi. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, usiendelee na maji. Ukitaka kujua nyuzi ni za aina gani, chomoa uzi mmoja hapo hapo na uuchome mbali na gari: ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu ni wa sintetiki, ukinuka nywele zilizoungua ni sufu, na sufu haitaki klorini, maji ya moto wala sabuni zenye vimeng'enya.

Sabuni: maji ya uvuguvugu lita 1, sabuni ya maji ya vyombo isiyo na rangi kali kijiko kimoja cha chai. Ndiyo, kimoja. Sabuni ya unga ina magadi mengi na dawa za kung'arisha zinazobadilisha rangi ya zamani, na mabaki yake yananata na kuvuta vumbi upya. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya chumvi ya kisima cha pwani inaacha utando. Jiki isikaribie kabisa.

Piga yale maji kwa mchapo mpaka povu lisimame. Chota povu peke yake, maji yabaki chini ya ndoo. Pakaza povu kwa brashi laini ukifuata mwelekeo wa nyuzi, kipande kimoja kutoka mshono hadi mshono. Ukisafisha doa peke yake katikati ya kipande, utaacha duara ambalo litaudhi kuliko doa lenyewe. Acha dakika mbili, kisha kandamiza taulo nyeupe kavu kwa nguvu bila kusugua. Geuza taulo, rudia hadi isichukue rangi ya tope. Suuza kwa chupa ya kunyunyizia: maji ya mvua yaliyochujwa au maji safi ya kuongezea betri (yasiyo na chumvi, si asidi), mnyunyizo mwepesi, na taulo tena. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha weupe, na chumvi inavuta unyevu kila masika. Kama una mashine ya kufyonza maji, nzuri sana, lakini tumia upande wa kufyonza tu.

Kukausha ni nusu ya kazi. Kivulini, penye upepo, feni ikielekezwa chini ya kiti kwa sababu unyevu unatokea huko. Jua la saa sita linakausha juu haraka na kuvuta uchafu wa ndani uje usoni. Kiti kikae siku mbili hadi tatu kabla ya kurudi garini. Kwa pwani, kazi hii usiianze masika. Subiri kipupwe, au kiangazi cha Januari na Februari.

Madoa ya chai yashughulikie baada ya usafishaji wa jumla: siki nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 4, gonga kwa kitambaa kutoka pembeni kuja katikati. Mchanganyiko huo huo unatibu ule ukahawia unaojitokeza baada ya kukauka. Mafuta: nyunyiza poda au wanga, acha usiku kucha, fyonza, kisha gonga kwa spiriti isiyo na rangi. Damu ni maji baridi tu. Petroli na mafuta ya taa, ambayo mafundi wengi huyapenda, yanalegeza gundi na kuyeyusha sponji, mbali na hatari ya moto.

Ukungu uufyonze nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa, na mfuko wa mashine uutupe. Nyunyiza spiriti ya asilimia 70, lowesha juu tu, acha ikauke, rudia kesho yake. Hakuna kuvuta sigara karibu. Alama nyeusi zikibaki kwenye kitambaa cheupe au cha maziwa cha sintetiki, hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inaweza kuzififisha, ukishaijaribu mahali pa siri. Kwenye rangi ya bluu iliyokolea au kahawia mimi naziacha.

Harufu iliyobaki: magadi soda kavu ya kuokea (baking soda) juu ya kiti kilichokauka kabisa, kwa muda wa saa kumi na mbili, kisha fyonza vizuri. Yakibaki ndani na unyevu yanageuka mabaka.

Paneli za milango nyuma yake ni ubao wa nyuzi. Ukilowa unapinda, na klipu hazishiki tena. Hapo ni kitambaa kilichokamuliwa na povu kidogo, basi. Dari nayo ifyonzwe kwa brashi laini, doa ligongwe kwa povu kavu. Usitumie mvuke, joto lake linaachisha gundi na dari inashuka kichwani.

Piga picha ya ule ukingo wa juu wa kiti cha nyuma ukiwa mkavu, kabla hujagusa chochote, uiweke hapa. Tukiuona tutajua kama unastahimili povu au apewe fundi siti abadilishe kipande hicho kimoja kwa kitambaa kitakachokatwa upande wa chini wa kiti, kisikoonekana.