Maswali na Majibu: Kituo Kikija, Kitamwinua Nani?

Tangu habari za reli ya Lobito, bandari ya Angola, zianze kuzunguka Lubumbashi, barua nyingi zinazonifikia zinauliza jambo moja: kituo kikubwa cha usafiri, yaani gari la moshi, bisi na malori mahali pamoja, kikiwekwa pembezoni mwa mji, kitawaletea nini wanaoishi huko? Nimechagua sita. Za kuuliza kama bei za malupango, yaani viwanja vya nyumba, zitapanda huko Luano nimeziacha.

Papa, kituo kikubwa kinaweza kweli kuinua kartie (mtaa) kama yetu, isiyo na lami wala maji ya kutegemea? (Baba wa familia, Kasungami)

Kinaweza. Mji huu wenyewe ni mtoto wa reli. Gari la moshi liliingia hapa likitokea upande wa Sakania mwaka 1910, na nyumba zikaota kulifuata. Lakini mji haukulishwa na vyuma. Ulilishwa na watu walioshuka wakahitaji bukari (ugali), kitanda, fundi wa viatu na shule ya watoto.

Tazama Dar es Salaam. Februari 2021 stendi ya mabasi ya mikoani ilifunguliwa Mbezi Luis, pembezoni mwa jiji, kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo. Abiria anayeshuka usiku wa manane hana pa kwenda mpaka kupambazuke. Anakunywa chai, anachaji simu, anatafuta chumba, anamlipa kijana wa kumbebea mzigo. Pesa ya mtaa huzaliwa katika saa hizo za kungoja. Na kituo kikihama, wateja wanahama nacho, kwa hiyo msisahau kuna mahali pengine patakapobaki patupu.

Usiniulize basi kituo kitakuwa kikubwa kiasi gani. Uliza abiria atangojea wapi, na akitoka mlangoni atakanyaga nini. Akikuta ukuta, geti na maegesho ya malori, nyinyi mtabaki na vumbi. Mlango ukifungukia barabara yenu, yenye taa na mifereji, hapo mna nafasi. Na daini vyoo na maji kabla ya kudai lami. Lubumbashi inakijua kipindupindu, na umati wa wasafiri bila choo ni njia fupi ya kukialika nyumbani kwenu.

Kuna mtu anauza malupango "karibu na stesheni itakayokuja". Ana fishi ya komini, ile karatasi ya kiwanja ya ofisi ya manispaa. Ninunue? (Rwashi)

Hapana!

Nimejibu swali hili mara nyingi, na kila mara linaniuma, kwa sababu nyuma yake kuna akiba ya mtu. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iko wazi: udongo ni mali ya Serikali, na wewe unapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inasimama juu ya hati ya usajili inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Fishi ya komini si hati hiyo. Saini ya shefu wa kartie si hati hiyo. Mashahidi watano na kreti ya bia pia si hati hiyo. Anayekuuzia "karibu na stesheni" akuonyeshe ramani yenye saini na muhuri. Akikwambia ramani iko Kinshasa, rudisha pesa mfukoni.

Nilimsindikiza mjane mmoja aliyelipia lupango kwa malipo ya mwisho ya marehemu mumewe. Tulipofika, tulikuta wanunuzi wengine wawili, kila mmoja na karatasi yake, zote zimeandikwa kwa mkono uleule.

Sasa nakwambia jambo ambalo hukuuliza. Wanaotakiwa kukimbilia hati ni wale wanaoishi huko tayari. Sheria ya 1977 inaruhusu Serikali kuchukua ardhi kwa faida ya umma na inamlipa fidia mwenye haki, lakini haki hiyo lazima uweze kuionyesha. Mradi ukishatangazwa, foleni kwenye ofisi ya ardhi itakuwa ya wenye magari, nanyi mtasimama nyuma yao.

Treni za Lobito zikija, vijana wetu watapata kazi? (Katuba)

Wachache, tena wengi wao wakati wa ujenzi tu. Reli ya Benguela, ndiyo hiyo ya Lobito, iliunganishwa na Katanga mwaka 1931, ikakatwa na vita vya Angola kuanzia 1975, na mwaka 2022 kampuni binafsi zilitia saini mkataba wa kuendesha upande wa Angola kwa miaka 30. Mzigo unaotafutwa ni shaba na kobalti. Shaba haishuki kunywa chai. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, malori yanajipanga kilomita kwa kilomita. Kama wingi wa magurudumu ungetosha kutajirisha watu, kila nyumba ya pale ingekuwa na maji. Daini mabehewa ya abiria na stesheni ndogo njiani. Mzee yeyote wa Njanja, mtaa wa watu wa reli, atawaambia stesheni hizo zililisha vijiji vingapi.

Mwanangu anataka kudandia treni ya mizigo kwenda Tenke. Ni salama? (Komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Hapana. Machi 2022, huko Lualaba, treni ya mizigo iliacha reli ikaua zaidi ya watu 60 waliodandia. Apande bisi.

Mwalimu wetu anasema Ulaya kituo kipya hubadilisha mtaa mzima. (Mwanafunzi, Kasapa)

Mwambie atazame Stratford, mashariki mwa London. Mwaka 2009 walifungua stesheni inayoitwa Stratford International ili treni za Ufaransa na Ubelgiji zisimame pale. Hazikusimama. Stratford imebadilika kweli, lakini kwa sababu stesheni ya zamani ya jirani ina njia nyingi za kila siku, na Olimpiki ya 2012 ilileta fedha nyingi. Kodi za nyumba nazo zikapanda, na kuna wenyeji walioshindwa kubaki. Hilo la kodi ndilo ningependa mlijadili darasani.

Sisi tunauza mandazi kando ya barabara. Kituo kikijengwa, hawatatufukuza? (Mama, Kasungami)

Watawafukuza, mama, kama hamumo kwenye mchoro. Mchoraji huchora maegesho, ofisi na ukumbi, na anayelisha abiria hamwoni. Polisi wakija siku ya ufunguzi, mmeshachelewa.

Jiandikisheni sasa hivi: majina, kila mmoja anauza nini, anakaa wapi. Ombeni vibanda ndani ya uzio, upande wa mlango wa abiria, si nyuma kwenye malori. Jumatatu asubuhi pelekeni barua komini, nakala mbili. Msiondoke hadi nakala yenu ipigwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, kisha ikae kwa yule kati yenu asiyehamahama.